Idd Mbili, Nyumba Moja: Dini Katika Dunia ya Utandawazi

Wanachuo wenzangu, nilipomaliza kidato cha sita, kabla sijapata nafasi hapa chuoni, nilijitolea kufundisha darasa la sita katika shule moja ya msingi mkoani Tanga. Jumanne moja niliita majina nikakuta watoto tisa hawapo. Nikaandika "mtoro" mara tisa. Kesho yake, Jumatano, ilikuwa sikukuu ya Idd el-Hajj na shule ilifungwa. Alhamisi wale tisa wakarudi, wasichana wakiwa na hina mikononi, na mwalimu wa zamu akawatoa wakafyeke nyasi nyuma ya vyoo. Mmoja wao akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, sie tulisali Idd juzi."

Nilijua anasema kweli. Kaka yangu mwenyewe alisali Idd Jumanne. Mimi na mama tulisali Jumatano. Nilikuwa na la kusema pale, nikanyamaza.

Muhula huu, kwenye somo la sosholojia ya elimu, tulijadili nafasi ya dini katika dunia ya utandawazi. Wengine walisema utandawazi utaiua dini, kwamba vijana watabaki na simu zao tu. Wengine wakasema utawafanya waumini wote wafanane. Mimi nikawakumbuka wale watoto tisa. Jambo lililowapata halikuwa dini kufa, wala halikuwa waumini kufanana. Naomba nilieleze hapa, maana wengi wetu tutakuwa walimu na hilo daftari la mahudhurio litakuwa mikononi mwetu.

MWEZI UNAANDAMAJE?

Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30. Jua likizama siku ya 29, watu wanatazama magharibi kutafuta hilali, ule mwezi mwembamba kama ukucha. Ukionekana, kesho ni mwezi mpya. Usipoonekana, mnakamilisha 30. Mwaka wote unafika siku 354 au 355, ndiyo maana Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Sisi watu wa Pwani tuna hata hesabu yetu wenyewe: baada ya Ramadhani ni Mfungo Mosi, Mfungo Pili, hadi Mfungo Kenda. Idd el-Hajj ni tarehe 10 ya Mfungo Tatu, na siku moja kabla yake ndiyo Arafa, mahujaji wanaposimama katika uwanja wa Arafa karibu na Makka.

Sasa, mwezi kupita kati ya dunia na jua ni tukio la wakati mmoja kwa dunia nzima. Kuonekana kwake siyo. Baada ya hapo mwezi unaachana na jua kidogo kidogo, takriban nusu digrii kwa saa. Jua likizama Tanga, mwezi unaweza kuwa bado umelikaribia mno usionekane. Saa kadhaa baadaye, jua likizama Moroko au Chicago, umeshasogea vya kutosha. Na Tanga kukiwa na wingu zito la masika, ndiyo basi tena.

Watu huuliza: mbona saa ya Dar es Salaam na saa ya Makka ni moja, Idd zinatofautianaje? Ni kwa sababu saa ya ukutani haiandamishi mwezi. Kinachohesabika ni mwezi uko juu kiasi gani mahali ulipo, anga ikoje, na ushahidi wa nani unakubaliwa. Hata Oman, iliyopakana na Saudi Arabia, ina muandamo wake, na kuna miaka hutofautiana na jirani yake.

HABARI ILIPOTEMBEA KWA NGAMIA

Tofauti hii si ya jana. Katika Sahihi Muslim kuna kisa cha Kuraib, aliyetumwa kutoka Madina kwenda Sham. Huko mwezi wa Ramadhani ulionekana usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina mwishoni mwa mwezi, akakuta wao waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi. Ibn Abbas akakataa kufuata muandamo wa Sham. Akaeleza kuwa wao wataendelea na wa kwao, na kwamba ndivyo Mtume alivyowaamrisha.

Wanazuoni wakagawanyika. Rai mashuhuri kwa Mashafii, ambao ndio wengi katika mwambao wetu, ni kwamba kila eneo lina muandamo wake. Wengi katika madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali walisema mwezi ukithibiti mahali pamoja, umewatosha Waislamu wote.

Lakini hebu fikiria hiyo rai ya pili ingetekelezwaje zamani. Mwezi umeonekana Makka, mtu wa Pangani atajuaje? Kwa jahazi? Habari ingefika watu wameshasahau Idd. Kwa hiyo, kwa karne nyingi, kila mji ulifuata mwezi wake hata kama vitabu vilitofautiana. Umbali ndio uliokuwa ukiwaamulia.

SIMU ILIPOINGIA NYUMBANI

Utandawazi ukauondoa huo umbali. Kwanza telegrafu, ikaja redio, kisha televisheni, na sasa simu ya mkononi. Mahakama ya Juu ya Saudi Arabia ikitangaza mwezi jioni, kabla ya sala ya Isha ujumbe umeshafika kwenye magrupu ya WhatsApp ya Korogwe. Rai iliyokaa kitabuni miaka elfu na zaidi ikawezekana kutekelezwa na kijana yeyote mwenye bando.

Leo kuna njia nyingi. Tanzania Bara, Mufti hutangaza kupitia BAKWATA, baraza lililoundwa mwaka 1968. Zanzibar ina Mufti wake. Kenya anatangaza Kadhi Mkuu. Uturuki hutumia hesabu za kifalaki na kalenda inajulikana mapema. Baraza la Fiqhi la Amerika ya Kaskazini liliamua kufuata hesabu mwaka 2006. Na kwetu wapo wanaofuata muandamo wa kimataifa, kama kaka.

Nyumbani kwetu mambo yalikuwa hivi. Jumanne ile, kwa kaka ilikuwa Idd. Kwa mama ilikuwa Arafa, na mama alikuwa amefunga, kwa sababu kufunga Arafa ni sunna kwa asiye hija. Ila kufunga siku ya Idd ni haramu kwa Waislamu wote. Alfajiri kaka akamwambia mama saumu yake haifai. Mama alikuwa anampikia pilau ya Idd huku yeye mwenyewe kafunga. Akaweka mwiko chini, akatoka jikoni. Siku ile hawakupeana mkono wa Idd, wala kesho yake. Ndiyo maana Alhamisi nilinyamaza shuleni. Neno "Idd" lilikuwa limenichosha.

Baadaye nilimsikiliza kila mmoja peke yake. Kaka alisema, "Jumatatu nimewaona mahujaji Arafa kwenye televisheni, moja kwa moja, wanalia. Halafu nije niambiwe Arafa ni kesho?" Mama hakuingia kwenye fiqhi. Alisema tu, "Mimi nikisali Jumanne, sahani ya Idd nampelekea nani? Mtaa mzima umefunga."

Ukitazama vizuri, wote wawili wanazungumzia umoja. Kaka anautaka umoja na wale anaowaona kwenye kioo, mamilioni asiowajua kwa majina. Mama anautaka umoja na wale anaoazimana nao chumvi. Zamani swali la "watu wangu ni akina nani?" halikuulizwa, maana uliwakuta mtaani ulikozaliwa. Siku hizi kila muumini analijibu mwenyewe. Hata anayebaki na mwezi wa mji wake, sasa anabaki kwa kuchagua. Hilo ndilo utandawazi umelifanya kwa dini, kwa jinsi ninavyoona mimi.

SI WAISLAMU PEKE YAO

Mwenzangu wa rumu, Mlutheri wa Kilimanjaro, aliniuliza, "Kwani nyie si mkubaliane tu?" Nikamuuliza Pasaka yao wanasherehekea lini na Waethiopia lini. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulitaka Wakristo wote wasali Pasaka siku moja. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII akarekebisha kalenda, lakini makanisa ya Kiorthodoksi yakaendelea kupiga Pasaka kwa hesabu ya zamani. Mwaka 2025 Pasaka ziliangukia siku moja, tarehe 20 Aprili, lakini miaka mingi zinapishana. Akacheka, akasema, "Kumbe na sisi tumo!"

TUFANYE NINI SISI WALIMU WATARAJIWA?

Sidhani ni kazi ya mwalimu kuamua mwezi upi ni sahihi. Serikali lazima itangaze siku moja ya mapumziko, hilo linaeleweka. Lakini kati ya sikukuu ya serikali na mtoto kuitwa mtoro pana nafasi kubwa ya kutumia akili. Idd ikikaribia, uliza darasa mapema nani atasali lini. Mwambie mzazi aandike barua ya ruhusa. Usiweke jaribio siku inayoweza kuwa Idd ya nusu ya darasa. Na kabla hujaandika "mtoro", uliza sababu. Haya hayahitaji bajeti wala waraka wa wizara.

Kaka hajabadili msimamo, na mama vilevile. Ila mwaka uliofuata kaka alisali Idd yake, na kesho yake akavaa tena kanzu, akaja kukaa jamvini na mama na majirani. Hakuna aliyetaja saumu ya mtu. Mama alimpakulia wa kwanza.

Wale watoto tisa sasa wako sekondari. Nyasi walizifyeka na neno nililoliandika mimi bado liko kwenye daftari lile. Mwezi wa saba ninakwenda mazoezi ya kufundisha, na nitapewa daftari jingine. Safari hii nitauliza kwanza.