Kidonda cha Ndani Nacho Kinahitaji Kulindwa



Kila mara, kutoka Mudzipela mpaka Nyakasanza, tunamtembelea mwenzetu aliyepasuliwa: sezariene, uvimbe wa kizazi, ao mimba iliyotunga nje. Tunapeleka uji, tunatazama kidonda, tukikikuta kimekauka tunasema, "Mungu asifiwe, amepona." Lakini kuna kidonda kingine ndani ambacho hatukioni.

Kizazi, mirija na utumbo vimefunikwa na ngozi nyembamba inayoteleza. Ngozi hiyo ikikatwa, ikikauka, ao damu na usaha vikibaki, viungo vinaweza kushikamana kwa makovu. Hali hiyo huanza katika siku chache za kwanza. Wamama wengi hawasikii kitu. Wengine hupata maumivu ya tumbo, mirija kuziba, ao sezariene inayofuata kuwa ngumu.

Kazi kubwa ya kuzuia iko mikononi mwa munganga: kushika viungo kwa upole, kuvilowesha, kukomesha damu, kutumia glovu zisizo na unga. Mimba ikiharibika, Shirika la Afya Duniani linapendelea dawa ao kunyonya mabaki kwa bomba, kuliko kukwangua kwa chuma. Kukwangua kunaweza kuacha makovu ndani ya kizazi, mpaka damu ya mwezi ipungue ao ikatike. Munganga Joseph Asherman alieleza jambo hilo katika mwaka wa 1948.

Na sisi tuna sehemu yetu:

- Mbele ya operesheni, tuulize: "Mtafanya nini, na kwa njia gani?"
- Tumalize dawa tulizoandikiwa.
- Homa, usaha ao uchafu wenye harufu: turudi hospitali siku ileile.
- Tusimpige mama bomba la majani. Utumbo unaweza kujeruhiwa.
- Tutunze karatasi ya operesheni, hata tukihama ao kukimbia vita. Munganga wa kesho ataihitaji.

Tumbo likivimba, mama akitapika na kushindwa kutoa choo ao hewa, tumpeleke upesi, hata kama alipasuliwa miaka mingi iliyopita. Utumbo unaweza kuwa umeziba.

Na mwenzetu akikawia kupata mimba baada ya operesheni, tusiseme amelogwa, wala tusikubali afukuzwe kwake. Tumsindikize kwa munganga na karatasi yake mkononi. Bwana yake naye aende, apimwe.