Moshi Uliotanda Juu ya Mawingu

Msomaji wetu mmoja wa Lubumbashi, mahali ambapo kila kiangazi jua huchwa likiwa jekundu kwa moshi wa nyika na mashamba yanayochomwa, ameuliza ni vipi setilaiti iweze kupambanua moshi na wingu. Swali lake lina uzito, kwani moshi wa kwao, ukichukuliwa na pepo za mashariki, huvuka Angola ukaingia bahari ya Atlantiki, na huko ukatanda juu ya mawingu mapana yaliyolala karibu na maji.

Mwaka 1978 Marekani ilirusha setilaiti ya Nimbus-7, nayo ilichukua chombo kiitwacho TOMS, kilichokusudiwa kupima ozoni kwa miale ya urujuanimno. Na ni katika vipimo hivyo hivyo vya ozoni ndimo wataalamu walimokuja kuuona moshi.

Siri yenyewe, ambayo kwangu mimi ni katika mambo mazuri kabisa ya elimu ya nuru, ni kwamba hewa, hata ikiwa safi, hutawanya nuru, na mawimbi yakipungua urefu kwa nusu, mtawanyiko huzidi mara 16. Hivyo anga likitazamwa kutoka juu kwa urujuanimno, wenye mawimbi mafupi, huwa linang'aa lote. Mng'ao huo na tuufananishe na ulimi wa moto katika kandili, na moshi uwe masizi. Masizi yaliyotuama kitakoni, chini ya moto, hayapunguzi nuru, lakini yaliyoganda katika chemni, baina ya moto na jicho, huila. Vivyo hivyo moshi uliopanda juu huila nuru ya hewa yote iliyo chini yake, na mawimbi mafupi ndiyo yapungukiwayo zaidi. Wingu, kwa upande wake, ni bati jeupe lililotundikwa nyuma ya taa: huirudisha nuru, ndefu kwa fupi, pasipo kubagua, na kwa kuirudisha huyafanya masizi yaonekane dhahiri zaidi.

Basi chombo hulinganisha mawimbi mawili tu. TROPOMI, kilichorushwa na nchi za Ulaya mwaka 2017 katika setilaiti ya Sentinel-5P, hutumia nanomita 354 na 388. Uwiano wao ukitoka katika ule upasao hewa safi, pana kitu kinachokula nuru, aghalabu moshi au vumbi la jangwani. Baina ya 2016 na 2018 NASA ilipeleka ndege, kwanza kutoka Walvis Bay, kisha São Tomé, zikauingia moshi wa Atlantiki na kuupima humo humo, kwani moshi mweusi juu ya wingu jeupe huzuilia joto la jua ambalo wingu lingalilirudisha angani.

Lakini moshi wa chini, kama masizi ya kitakoni, hauonekani vema kutoka juu, hivyo kiasi cha moshi anaouvuta msomaji wetu puani ni kazi ya vipimo vya ardhini. Sentinel-5P hupita juu ya mji wake kiasi cha saa saba na nusu mchana, nayo yahitaji jua. Moto uliowashwa jioni hauingii katika ramani yake ila moshi wake ukidumu hadi kesho.