Plagi chafu: Usinunue mpya kabla ya kujua kiini cha tatizo

WAKAZI wa maeneo ya miinuko kama vile Kinangop, Molo na Timau wanaijua vyema adha ya gari linalokataa kuwaka alfajiri. Stata huzunguka, injini hukohoa mara moja au mbili kisha hunyamaza, huku maziwa yakisubiri kupelekwa kwenye kituo cha kupoezea au mgonjwa akisubiri kufikishwa hospitalini.

Kwa wanaomiliki magari ya petroli ya kupita njia mbovu, hasa Land Rover na Suzuki za zamani zinazotumia kabureta, lawama huangukia plagi. Hununuliwa mpya, gari huwaka, na baada ya wiki chache tatizo hurejea. Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Plagi iliyochafuka ni wingu tu, na anayeitupa bila kuichunguza hutupa ushahidi ambao ungemwonyesha mahali injini inapougua.

Kazi ya plagi ni kurusha cheche ili kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda. Ncha yake hujisafisha yenyewe kwa kuchoma masizi pindi joto lake linapofika takriban nyuzi 450 hadi 500 za Selsiasi. Isipofikia kiwango hicho, masizi hujikusanya juu ya kauri nyeupe inayoizunguka. Kwa kuwa masizi hupitisha umeme, nguvu zinazotoka kwenye koili huvuja kupitia humo badala ya kuruka mwanya, na cheche hudhoofika au kukosekana kabisa.

Kwa nini miinuko?

Mazingira ya nyanda za juu huchochea hali hii kwa njia kadhaa. Mji wa Nyahururu, mathalan, uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban moja kwa tano ikilinganishwa na ya pwani. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa huendelea kumwaga petroli ile ile ilhali hewa imepungua. Matokeo yake ni petroli kupita kiasi, na masizi.

Aidha, petroli baridi haigeuki mvuke kwa urahisi, ndiposa dereva huvuta choki ili kuongeza mafuta. Choki ikisahaulika, au waya wake ukikwama kwa matope, injini hulishwa petroli nyingi hata baada ya kupata joto. Safari fupi za kutoka shambani hadi sokoni kwa gia ya kwanza na ya pili huzidisha shida kwani plagi hazipati fursa ya kujisafisha. Vumbi la barabarani nalo huziba chujio la hewa.

Kuna pia mazoea ya baadhi ya mafundi kuondoa thamostati, kifaa kinachozuia maji kuzunguka kwenye rejeta kabla ya injini kupata joto, kwa dai kwamba haihitajiki Afrika. Katika maeneo yenye baridi, injini isiyo na kifaa hicho huchelewa mno kupata joto, nazo plagi huchafuka.

Kusoma plagi

Kabla ya kufungua plagi, injini sharti ipoe na vumbi lipulizwe kutoka kwenye mashimo yake, la sivyo mchanga utaingia ndani ya silinda. Kila plagi iwekwe alama ya silinda ilikotoka, kisha rangi zilinganishwe.

Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu. Masizi makavu na meusi huashiria petroli nyingi kupita kiasi, choki iliyokwama au chujio lililoziba. Plagi iliyolowa na kunuka petroli yamaanisha kuwa mafuta yanafika lakini hayawaki: aidha injini imefurika au cheche haipo. Plagi iliyopakaa oili nyeusi inayong'aa huonyesha kuwa ringi za pistoni au vali zimechakaa na kuruhusu oili kupenya. Hapa plagi mpya haitasaidia kwa muda mrefu. Plagi iliyo nyeupe na yenye malengelenge huonya kuwa silinda ina joto la kupindukia, na gari hilo halifai kuendeshwa mbali kabla ya kukaguliwa.

Iwapo plagi zote zinafanana, kasoro inahusu injini nzima, kama vile kabureta au chujio. Ikiwa ni moja tu iliyochafuka, chanzo kimo katika silinda hiyo au katika waya wake wa umeme.

Masizi makavu yanaweza kusafishwa kwa petroli na brashi laini, kisha plagi ikaushwe vizuri. Mwanya wake upimwe kwa geji. Magari mengi ya zamani huhitaji takriban milimita 0.7 hadi 0.8, ingawa kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Waya na kifuniko cha distributa vikaguliwe pia, kwani maji ya mtoni na umande hupenya humo na kupoteza umeme.

Betri, oili na mafuta taa

Hata hivyo, si kila gari linalogoma asubuhi lina plagi chafu. Baridi hupunguza nguvu za betri na wakati uo huo hufanya oili kuwa nzito, hivyo stata huzunguka kwa uvivu. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6; ikishuka chini ya 12.2, imebaki na nusu ya nguvu zake au pungufu.

Ubora wa petroli nao usipuuzwe. Mafuta taa hayageuki mvuke upesi kama petroli, na yakichanganywa nayo hufanya injini iwe ngumu kuwasha na kuacha masizi. Mwaka wa 2018, serikali ilianzisha ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kukomesha uovu wa kuyachanganya na mafuta ya magari. Anayenunua petroli ya mitungi kando ya barabara hana hakika ya anachokitia tangini.

Injini ya kabureta ikifurika, choki irudishwe, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho na stata izungushwe kwa muda usiozidi sekunde 10, kisha ipumzishwe. Kuikanyaga pedali mara kwa mara huongeza petroli na kuzidisha mafuriko. Isitoshe, gari lisiachwe likinguruma ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wake una gesi ya sumu inayoua bila harufu.

Wenye magari ya dizeli wafahamu kuwa injini zao hazina plagi za cheche. Nyingi hutumia plagi za kupasha joto, ambazo mafundi huziita hita, na zikiungua gari hugoma vivyo hivyo wakati wa baridi.

Anayetaka kuepuka gharama za kila mwezi anafaa kumpelekea fundi plagi za zamani zikiwa na alama zake, na kumtaka aeleze sababu ya rangi zilizopo kabla ya kuuziwa nyingine. Fundi anayeelewa kazi yake ataanza kwa kuzitazama.