Udongo wa Kuchimbia Visima si Chakula cha Mama Mjamzito

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya udongo. Hatusemi udongo wa shambani, bali ule unaouzwa kwa mifuko kwa ajili ya viwanda na wachimba visima. Sababu ya kuchagua habari hii ni mama mmoja wa huku kwetu Dakawa.

Alifika kliniki akiwa na mimba ya miezi 7. Midomo na viganja vyake vilikuwa vimepauka, akihema kwa kutembea hatua chache tu. Tulipompima tulikuta damu yake ni gramu 6, na mama mjamzito anatakiwa awe na gramu 11 au zaidi. Tukamwuliza kama anakula pemba. Alisita kidogo, halafu akafungua pindo la kanga akatuonyesha vipande vya udongo wa kijivu. Hakuvinunua sokoni. Mumewe alikuwa kibarua kwenye uchimbaji wa kisima, na kazi ilipokwisha alirudi nyumbani na mfuko uliobaki. Mama aliukanda ule unga kwa maji, akauanika juu ya bati, akawa anakula kila siku. "Si udongo tu?" alituuliza.

Mama huyo alilazwa, akaongezewa damu, akapewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo. Alijifungua salama. Hatuwezi kusema kwamba udongo peke yake ndio ulioleta shida, kwa maana malaria na safura nazo hupunguza damu. Lakini swali lake linastahili jibu.

BENTONAITI NI NINI?

Udongo ule huitwa bentonaiti. Zamani sana majivu ya volkano yalianguka, yakalowa maji, na kwa muda mrefu yakageuka kuwa udongo laini. Jina lake limetoka Marekani, katika jimbo la Wyoming, ambako ulielezwa na wataalamu mwishoni mwa karne ya 19. Si sawa na kaolini, udongo mweupe unaopatikana kwa wingi katika vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam na kutumika katika vyombo vya kauri, rangi na karatasi. Kaolini ikilowa haivimbi. Bentonaiti huvimba, na ile iliyo bora huongezeka mara 10 au zaidi.

Ukiutazama udongo huu kwa vyombo vya maabara, utaona umepangwa kama kurasa za kitabu, nyembamba mno. Maji huingia kati ya kurasa na kuzisukuma. Tena kila ukurasa una nguvu ya kuvuta na kushika vitu vingine. Ndiyo maana gramu 1 tu ina mahali pa kunasia vitu panapofikia mamia ya mita za mraba. Tushike neno hilo "kunasa", kwa sababu faida na hatari ya udongo huu vyote vinatoka hapo.

WANAOUTUMIA

Mchimba kisima huuchanganya na maji ukawa tope zito. Tope hilo huzuia kuta za shimo zisibomoke na kupandisha juu vipande vya mawe. Wanaoyeyusha vyuma huchanganya bentonaiti na mchanga kutengeneza kalibu. Viwanda vya mafuta ya kula hutumia udongo wa namna hii, uliotiwa asidi, kusafisha rangi ya mafuta. Huko Sweden na Uswisi watafiti wameujaribu kwa miaka mingi kama ukuta wa kuzuia takataka za nyuklia zisivuje chini ya ardhi.

Wauzaji wanajua kwamba kila kazi ina udongo wake. Wa kuchimbia huweza kutiwa magadi au kemikali nyingine ili uvimbe zaidi. Hupimwa uzito wa tope lake, wala haupimwi kama unafaa tumboni. Ule wa chakula cha mifugo hupimwa madini mazito na sumu nyingine, na wa kutengenezea dawa hupimwa kwa ukali zaidi. Mnunuzi wa kiwandani hudai cheti cha vipimo. Mifuko mitatu inaweza kuwa na jina moja la bentonaiti, na yaliyomo yakatofautiana sana.

UDONGO NA SUMUKUVU

Wengine watatuambia, "Mbona tunasikia udongo huu unaondoa sumu mwilini?" Habari hiyo ina ukweli ndani yake. Mahindi na karanga zilizoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini. Nchini Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Mwaka 2016 ugonjwa huo ulifika Dodoma na Manyara, ukaua watu wapatao 20.

Bentonaiti huinasa sumukuvu tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya uliruhusu mwaka 2013 itiwe katika chakula cha kuku, nguruwe na ng'ombe, isizidi gramu 20 kwa kila kilo, na isitumiwe pamoja na dawa fulani za mifugo kwa kuwa udongo hunasa dawa pia. Huko Ghana na Kenya watafiti waliwapa watu wazima wenye afya udongo wa jamii hii, uliosafishwa na kupimwa kwanza, na sumukuvu mwilini mwao ikapungua. Walipewa kwa kipimo, wakiwa chini ya uangalizi, kwa muda maalumu. Hakuna aliyechota kwenye mfuko wa mchimba kisima.

KWA NINI MAMA ASILE

Kwanza, udongo haujui kuchagua. Kama unavyonasa sumu, ndivyo unavyoweza kunasa madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na kwenye vidonge tunavyotoa kliniki. Mama anameza kidonge, udongo unakishika, nao wote unakwenda chooni.

Pili, udongo huja na vyake kutoka ardhini. Uchunguzi wa wajawazito wa Geita uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta karibu nusu yao wanakula udongo, na ndani ya udongo huo mlikuwa na aseniki. Mwaka 2016 Marekani ilionya watu juu ya unga wa bentonaiti uliouzwa madukani ukiwa na risasi nyingi. Hata dawa za kuhara zenye udongo uliosafishwa zilitazamwa upya. Mwaka 2019 Ufaransa ilishauri zisipewe watoto wa chini ya miaka 2, wala wajawazito na wanaonyonyesha, kwa kuhofia mabaki ya risasi. Risasi hupita kwa mama ikamfikia mtoto tumboni, na huharibu ubongo unaokua.

Tatu, udongo huleta choo kigumu, na ule wa kuokota ovyo huweza kuwa na mayai ya minyoo.

TUFANYE NINI?

1. Mama akitamani udongo, asione haya kutueleza. Tamaa hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu. Apimwe damu, malaria na minyoo.

2. Ameze vidonge vya kuongeza damu kila siku kama alivyoelekezwa, na ale mchicha, maharage, dagaa na matunda.

3. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti na vidonge vya zinki, wala asipewe udongo.

4. Dawa ya sumukuvu ni kukausha mahindi vizuri juu ya turubai, kutenga yaliyooza na kuyahifadhi pakavu. Udongo hausafishi mahindi yaliyoharibika.

5. Akina baba mnaofanya kibarua visimani, fungeni pua na mdomo mnapomimina unga huo, kwa maana vumbi lake huumiza mapafu. Mifuko iliyobaki ikae kwa fundi, isiletwe nyumbani.

Mama yule alirudi kliniki na mtoto wake mgongoni, viganja vikiwa vimerudia wekundu. Alituambia kwamba siku hizi jirani akimwonyesha kipande cha udongo, humwuliza kwanza: "Huu umepimwa na nani, na kwa kazi gani?" Nasi tunawaombeni mwulize hivyo hivyo.