Mbona Paka Wetu Mdogo Hachezi Tena?



Jumamosi iliyopita, wakati wa mapumziko, mwanafunzi mmoja alinifuata akiwa na uso wa huzuni. Akasema: "Mwalimu, paka wetu ana miezi mitatu. Kila asubuhi alikuwa anarukia vidole vyangu vya miguu. Sasa amelala tu nyuma ya sofa. Mama anasema amekua, ametulia. Ni kweli?"

Ni swali zuri, na huenda nawe una paka mdogo nyumbani. Basi tulijibu pamoja.

Mara nyingine si ugonjwa

Kwanza, jua kwamba mtoto wa paka hulala sana. Saa 18 hata 20 kwa siku si ajabu. Anacheza kama mwendawazimu kwa nusu saa, kisha anaanguka usingizi pale pale alipo. Huko ndiko kukua kwenyewe.

Pili, angalia kama kuna jambo jipya. Paka aliyeletwa nyumbani leo anaweza kujificha siku mbili tatu, kwa sababu amemwacha mama yake na harufu zote alizozizoea. Paka aliyechomwa sindano ya chanjo anaweza kuwa mchovu siku moja au mbili. Na kuanzia miezi mitatu hadi sita meno ya utotoni hung'oka na mengine kuota, hivyo fizi humuuma naye hutafuna taratibu.

Tatu, ni kweli kwamba paka hupunguza michezo anapokua. Lakini hupunguza kidogo kidogo, miezi ikienda. Paka aliyekuwa akiruka juzi na leo hainuki, huyo hajakua. Huyo ana jambo.

Paka huficha maradhi

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Paka hajui methali hiyo. Kwa asili yake, mnyama anayeonyesha udhaifu huwaita maadui, kwa hiyo paka akiumwa hapigi kelele. Hujikunja pembeni na kunyamaza. Kunyamaza huko ndiyo lugha yake, nawe ndiye mkalimani wake.

Haya ndiyo mambo yanayomlegeza paka mchanga mara nyingi:

*Minyoo.* Watoto wengi wa paka huipata kupitia maziwa ya mama yao. Tumbo huvimba kama puto, lakini mgongo hukonda.

*Viroboto.* Usiseme, "Paka wetu hatoki nje." Viroboto huingia na nguo zetu au na mnyama mwingine, na nyumba zetu za Uingereza zenye mazulia na joto la hita huwafaa sana. Paka mchanga ana damu kidogo, na viroboto wengi wanaweza kumnyonya hadi akafa. Fanya jaribio hili: mchane kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, kisha gonga kitana juu ya karatasi nyeupe iliyoloa. Vidoa vyeusi vikigeuka rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu ya paka wako.

*Magonjwa ya virusi.* Yapo mafua ya paka, na upo ugonjwa mkali wa matumbo uitwao panilukopenia, unaoleta kutapika, kuharisha na kulegea kwa haraka. Chanjo huzuia. Kwa kawaida sindano ya kwanza huchomwa kwenye wiki ya 8 au 9, na ya pili wiki tatu au nne baadaye.

*Kitu alichokimeza.* Uzi wa cherehani, utepe wa zawadi, kibanio cha mpira cha nywele. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute, kwani unaweza kumkata matumbo. Mpeleke kwa daktari.

Sumu zilizomo nyumbani mwetu

Hapa nasema na wazazi hasa. Kule nyumbani wengi wetu tulizoea kumpa paka kilichobaki sahanini, kwa nia njema. Lakini vitunguu maji na vitunguu saumu, viwe vibichi au vimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Mchuzi na pilau tunazozipenda zimejaa vyote viwili. Paka huishiwa nguvu siku chache baadaye, wakati sisi tumeshasahau alichokula. Maziwa ya ng'ombe nayo huwaharisha paka wengi. Mpe maji safi na chakula cha paka wachanga.

Maua ya lili, yale makubwa yauzwayo kwa vishada supamaketi, huua figo za paka. Hata chavua iliyomwangukia manyoyani akairamba, au maji ya chombo cha maua, yanatosha. Usiyaweke nyumbani kabisa.

Usimpe dawa ya binadamu. Kidonge kimoja tu cha parasetamoli kinaweza kumuua. Wala usimpake dawa ya viroboto ya mbwa, kwa sababu nyingi zina permethrini, ambayo ni sumu kwa paka.

Na mkifukiza udi sebuleni, mtoeni kwanza. Mapafu yake ni madogo na moshi humsumbua.

Kazi yako, mwanafunzi

Paka akilegea, fanya uchunguzi huu:

1. Je, amekula leo? Amekunywa? Amekwenda chooni?
2. Inua mdomo wake polepole utazame fizi. Zikiwa za waridi na zina unyevu, vizuri. Zikiwa nyeupe, manjano au bluu, ni hatari.
3. Akiwa amelala, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, kwa Kiswahili! Kifua kikipanda na kushuka ni pumzi moja. Paka mzima aliyelala kwa kawaida hafiki 30.

Kisha mwambie mtu mzima hapo hapo. Usingoje kesho.

Mzazi, mpigie daktari wa wanyama siku hiyo hiyo kama paka mchanga hajala kwa saa 12, anatapika au kuharisha mara kwa mara, au amelegea bila sababu. Kama anapumua kwa mdomo wazi, anatetemeka kwa degedege, haamki, au fizi zimebadilika rangi, ni dharura, hata usiku wa manane. Najua gharama zinatisha. Hapa Uingereza, mashirika kama PDSA na Blue Cross husaidia familia zenye kipato kidogo zinazotimiza masharti yao. Uliza mapema, kabla paka hajaugua.

Na yule paka je?

Nilimuuliza yule mwanafunzi swali la kwanza. Akajibu: "Hajala tangu jana mchana." Tukampigia mama yake simu palepale, na jioni hiyo paka alikuwa kwa daktari. Fizi zake zilikuwa nyeupe, na manyoya yamejaa viroboto. Ametibiwa, na wiki hii nimeambiwa ameanza tena kuvizia vidole vya miguu. Mama yake ameniomba niandike haya ili wengine wasikawie. Dalili ya mvua ni mawingu.

Maneno ya wiki hii

*Kiroboto (viroboto):* mdudu mdogo arukaye, anayenyonya damu.
*Ufizi (fizi):* nyama inayoshika meno.
*Kulegea:* kukosa nguvu mwilini.
*Kuvizia:* kujificha ukimngoja mtu au mnyama ili umrukie.

Zungumzeni nyumbani: Muulize bibi au babu kwa simu: paka wa kwao alikuwa akila nini? Tuletee jibu Jumamosi.