Tutazame Chujio la Hewa la Injini

Ndugu Wanachama,

Kaskazi iliyopita tuliona kwa macho yetu miche ya mikarafuu ikinyauka kitaluni, na watu wakichukua maji kwa ndoo, hali ya kuwa pampu tunayo. Fundi alipoifungua injini alikuta chujio la hewa, ambalo mafundi huliita eyaklina, halimo. Lilikuwa limeziba, injini ikawa nzito kuwaka, nasi tukalitoa. Ikawaka upesi, tukafurahi. Kumbe vumbi lilikuwa likiingia ndani, likichanganyika na oili na kuwa kama msasa, hata likala ringi na silinda. Lawama ni yetu sote tulioishika mashine ile, na ofisi hii ni ya kwanza.

Basi twaona yafaa tukumbushane. Injini, iwe ya pampu au ya mashine ya kufyekea, huvuta hewa kama mtu avutavyo pumzi. Chujio likiziba, hewa hupungua na petroli huzidi: moshi huwa mweusi, plagi hushika masizi, na nguvu hupotea. Mwenye kuona dalili hizo atazame chujio kwanza, kabla hajagusa kabureta.

Zima injini, ingoje ipoe, pangusa vumbi la nje, ndipo ufungue. Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, likasuuzwa, likabanwa bila ya kusokotwa, kisha likaanikwa kivulini hata likauke kabisa. Kama kitabu cha mashine chaagiza, litie oili safi kidogo, ulibane mpaka lisidondoke. Usilioshe kwa petroli. Ni hatari ya moto. Chujio la karatasi halioshwi wala halitiwi oili: ligonge taratibu vumbi litoke. Likichanika, au likilowa oili, nunua jipya.

Watengenezaji wengi huagiza chujio lisafishwe kila baada ya saa 25 au 50 za kazi. Penye vumbi usingoje saa hizo. Litazame kila siku kabla ya kuwasha. Wala injini isiwashwe bila ya chujio, hata kwa dakika moja.

Chujio ni kitu cha bei ndogo, lakini mkarafuu hukaa miaka 6 au zaidi ndipo uzae. Mche uliokufa kwa kiu umekwenda na miaka yetu. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Wasalaam,
Katibu