Kayaki baharini: hatari ya kundi linapotawanyika

Si ajabu, asubuhi ya Jumapili katika pwani ya kusini ya Uingereza, kuwaona watu wanane au kumi wamesimama duara kando ya vyombo vyembamba vya rangi mbalimbali, wakimsikiliza mwenzao mmoja aliyekunjua ramani ya bahari. Hao ni wanachama wa klabu ya kayaki. Mgeni hukiona kikao hicho kuwa cha kupoteza wakati, hasa ikiwa jua linawaka na maji yametulia. Wenyewe hukihesabu kuwa sehemu muhimu kuliko zote za safari yao.

Kayaki ya baharini ina urefu wa mita 5 hivi na upana wa sentimita 60 au pungufu. Hukaliwa na mtu mmoja, miguu ameinyoosha mbele, naye huiendesha kwa kafi lenye bapa pande zote mbili. Asili yake ni kwa Wainuit wa Greenland na nchi nyingine za kaskazini ya mbali, waliokitengeneza chombo hicho kwa kiunzi cha mti au mfupa kilichovikwa ngozi ya sili, wakakitumia kuwinda. Siku hizi hutengenezwa kwa plastiki au nyuzi za kioo, lakini umbo lake halikubadilika sana. Nchini Uingereza mchezo huu una shirikisho lililoanzishwa mwaka 1936, ambalo tangu mwaka 2024 linajulikana kwa jina la Paddle UK.

Msomaji aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki atatambua mara moja kwamba chombo hiki hakina zile mbao za pembeni zinazoizuia ngalawa isipinduke. Kayaki hupinduka, na wala hilo si aibu. Hata mabingwa hupinduka. Swali ni nini kinachofuata, na jibu lake hutegemea mambo mawili: ubaridi wa maji na umbali wa mwenzako.

Mwezi wa Februari na Machi maji ya bahari kuzunguka Uingereza huwa na nyuzijoto kati ya 6 na 10 hivi, na hata mwezi wa Agosti ni nadra kupita 20. Katika pwani za Unguja na Mombasa maji hayashuki sana chini ya 25. Kwa hiyo mtu aliyejifunza kuogelea utotoni huko nyumbani huweza kudhani kwamba ustadi huo unamtosha, na hapo hukosea. Profesa Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, aliyeshughulika kwa miaka mingi na athari za maji baridi kwa mwili wa binadamu, ameeleza kwamba hatari ya kwanza si kuganda bali mshtuko. Ngozi ikipoa ghafla, mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila hiari yake, na kwa dakika moja hadi tatu hawezi kuitawala. Ikiwa kichwa kiko chini ya maji, anachokivuta ni maji. Baadaye vidole na mikono hulegea, hata kufunga kamba huwa kazi kubwa. Kupoa kwa mwili mzima huja nyuma ya hayo yote, kwa kawaida baada ya nusu saa au zaidi.

Ndiyo maana RNLI, jumuiya ya boti za uokoaji iliyoanzishwa mwaka 1824 na inayotegemea michango na watu wa kujitolea, huwashauri walioanguka majini wasijaribu kuogelea kwanza. Walale chali waelee mpaka pumzi itulie. Na ndiyo maana wanachama wa klabu huvaa mavazi ya mpira au yasiyopitisha maji hata siku ambayo watu ufukweni wamevaa kaptura. Vazi huchaguliwa kwa kuyatazama maji, si kwa kulitazama jua.

Tarehe 22 Machi 1993, wakati bahari ya Uingereza bado iko karibu na kilele cha ubaridi wake, wanafunzi wanane wa sekondari kutoka Plymouth waliondoka Lyme Regis, katika pwani ya Dorset, pamoja na mwalimu wao na wakufunzi wawili. Walikuwa wanakwenda Charmouth, umbali wa maili mbili tu. Muda mfupi baada ya kuondoka, kayaki ya mwalimu ilipinduka. Mkufunzi mmoja alibaki kumsaidia. Wa pili alibaki na wanafunzi wote wanane, akawakusanya pamoja wakisubiri. Lakini upepo ulikuwa unatoka bara. Makundi hayo mawili yalitenganishwa, na watoto wakasukumwa kuelekea bahari kuu ambako mawimbi yalikuwa makubwa zaidi. Vyombo vyao vilijaa maji na kupinduka. Hawakuwa na fataki za kuomba msaada, na walinzi wa pwani walichelewa kuarifiwa. Wanafunzi wanne walikufa.

Kesi iliyofuata iliingia katika historia ya sheria ya Uingereza. Mwezi Desemba 1994 kampuni iliyokuwa na kituo cha michezo hiyo ilitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, ikawa ya kwanza kupatikana na hatia ya namna hiyo katika mahakama za Uingereza, na mkurugenzi wake akahukumiwa kifungo. Mahakama ilielezwa kwamba wakufunzi waliokuwa wameacha kazi katika kituo hicho walikuwa wamekwisha kumwandikia mkurugenzi barua ya kumwonya juu ya usalama, miezi kadhaa kabla. Mbunge wa Plymouth, David Jamieson, alipeleka bungeni muswada wake binafsi, na mwaka 1995 ukapitishwa kuwa sheria. Tangu mwaka 1996 wanaotoza fedha kuwapeleka vijana walio chini ya miaka 18 katika michezo kama kupanda miamba, kuingia mapangoni na kuendesha kayaki baharini hutakiwa kuwa na leseni.

Wengi hawajui, hata hivyo, kwamba leseni hiyo haiwahusu watu wazima, wala haiihusu klabu ya kujitolea inayowatoa wanachama wake. Pengo la kwanza lilikumbukwa kwa uchungu tarehe 30 Oktoba 2021, pale watu wanne walipokufa katika mto Cleddau, mjini Haverfordwest, Wales, wakiwa katika matembezi ya kundi ya kusimama juu ya ubao na kupiga kafi. Mto ulikuwa umefurika, na washiriki hawakuelezwa vya kutosha kuhusu ukuta wa maji uliokuwa mbele yao. Mwenye biashara hiyo alihukumiwa mwezi Aprili 2025 kifungo cha miaka 10 na miezi sita. Ama pengo la pili, yaani klabu, limeachwa makusudi: bunge halikutaka kuwabana watu wanaojitolea. Klabu basi hulindwa na desturi zake wenyewe, na mtu anayetaka kujiunga ana haki ya kuziuliza desturi hizo kabla ya kuuliza ada.

Desturi ya kwanza ni hesabu ya maji. Wavuvi wa Kiswahili wanaojua tofauti ya bamvua na maji mafu hawahitaji kufundishwa msingi wake. Maji hujaa kwa muda wa saa sita na ushei, kisha hupwa kwa muda kama huo, lakini si kwa kasi moja. Wanamaji hugawa kina kinachoongezeka katika mafungu 12: saa ya kwanza huingia fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Maana yake ni kwamba mkondo huwa mkali zaidi katikati, na ni hapo ambapo asiyejua huamua kuvuka. Huko Unguja tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua ni mita 4 hivi. Katika mlango wa bahari wa Bristol hupita mita 12. Katika mlango wa Menai, kati ya kisiwa cha Anglesey na bara ya Wales, mkondo wa bamvua hufikia takriban maili 8 za baharini kwa saa mahali penye wembamba. Mpiga kafi wa kawaida huenda maili 3 au 4. Hakuna ushujaa unaoweza kuziba tofauti hiyo. Dawa ni kufika pale wakati maji yamesimama.

Upepo nao una hila yake. Mvuvi wa pwani ya Afrika Mashariki aliyetoka alfajiri kwa umande hutarajia kurudishwa na upepo wa bahari baada ya adhuhuri. Uingereza haina ahadi kama hiyo. Upepo unaotoka bara hufanya maji ya karibu na ufukwe kuwa shwari kabisa, kwa kuwa majabali huyakinga, na uzuri huo ndio mtego wenyewe: kila mita mia wanazosogea nje, mawimbi huzidi na kurudi huwa kugumu. Klabu nyingi haziwatoi wanachama wapya ikiwa utabiri unazidi nguvu ya 4 katika kipimo cha Beaufort, yaani upepo wa kilomita 20 hadi 28 kwa saa. Upepo ukiwa unatoka bara, kiongozi mwenye busara huahirisha hata kabla haujafika hapo. Kuahirisha, pengine, ndicho kipimo kizuri zaidi cha kiongozi, ingawa waliokwisha kuendesha gari saa mbili kufika ufukweni hawatampenda siku hiyo.

Wakishaingia majini, mwendo wa kundi ni mwendo wa mnyonge wao. Mmoja hutangulia, mwingine mwenye uzoefu hufunga msafara, na hakuna anayeruhusiwa kumpita wa mbele au kubaki nyuma ya wa mwisho. Wanapatana mapema juu ya ishara, kwa sababu upepo humeza sauti: kafi likiinuliwa wima, njooni, likishikwa mlalo juu ya kichwa, simameni. Shauri la zamani la wapiga kafi wa Uingereza ni kwamba wasiwe pungufu ya watatu, na sababu yake ni ya kazi tupu. Mmoja akipinduka, wa pili hukivuta chombo chake juu ya sitaha ya kwake, akakimwaga maji, akakigeuza na kukishikilia mpaka mwenyewe apande. Kwa waliozoea hiyo ni kazi ya dakika mbili au tatu. Wa tatu huwafunga kamba na kuwavuta wote wawili ili wasisukumwe miambani. Ujuzi huo hufundishwa majira ya baridi katika mabwawa ya kuogelea ya ndani, na klabu nyingi huwaazima wanaoanza vifaa.

Wasomaji walio Muscat au Dubai hawana shida ya baridi. Wao hukabiliwa na jua kali, kiu na upepo wa shamali, ambao huweza kuchafua bahari kwa siku kadhaa mfululizo. Lakini namna ya kwenda kwa kundi haibadiliki.

Kiongozi hubeba redio ya mkononi, ambayo mkondo wake wa 16 ni wa kuomba msaada baharini, na fataki za ishara. Hata hivyo chombo rahisi kuliko vyote hubaki nchi kavu. Ni karatasi yenye idadi ya watu, rangi za kayaki, njia watakayopita na saa ya kurudi, anayoachiwa mtu asiyesafiri. Saa hiyo ikipita bila habari, yeye hupiga simu 999 na kuwaomba walinzi wa pwani. Kwa hiyo jambo la kwanza analofanya kiongozi akikanyaga mchanga, kabla ya kuvua vazi lake na kabla ya chai, ni kumpigia mtu huyo simu. Akisahau, mahali fulani watu wa kujitolea wataacha chakula mezani na kushusha boti kuwatafuta watu ambao wamekwisha kufika.